Anwani ya Namba Ishirini na Nane

"Shuka, Marlene. Shuka kabla hujaanguka ukatuongezea aibu."

"Ipo nafasi ya kuongeza? Shika ngazi, Dwight. Kama hushiki, kaa kimya."

"Nimeshika. Nasema tu kibao hakijakukosea kitu."

"Kina namba yake. Inatosha."

Marlene Tolbert alikuwa amesimama juu ya ngazi barazani mwake, bisibisi mkononi, vibanio bado kichwani, na watu wa Mtaa wa Ridge walikuwa wameanza kupita kwenda kazini. Skrubu ya tatu ilikuwa imeshika kutu na haikutaka kutoka. Aliivuta kwa hasira. Mumewe, ambaye ni fundi bomba na anajua kwamba skrubu haivutwi, alifumba macho asione.

Kibao chenyewe kilikuwa cha kijani, na namba ishirini na nane imepakwa kwa rangi ya dhahabu. Kila Agosti nyumba za mtaa ule huchota majina ya wachezaji wa mpira wa Kimarekani wa Chuo cha Tarpley, majina yakiwa ndani ya helmeti kuukuu kwenye ukumbi wa kanisa. Ukishachota, mchezaji huyo ni wenu. Mnatundika namba yake barazani, mnamlisha Jumapili moja moja, na siku ya mechi timu ikipita mtaani kwa miguu kwenda uwanjani, ndiyo Matembezi yenyewe, mnapiga kelele zenu zote kwa ajili yake. Mwaka huo akina Tolbert walimchota Jarquez Mouton, mbeba mpira kutoka Louisiana, kijana mweusi mwenye mabega yaliyomlazimu kupita mlangoni kiubavu. Mtaa mzima uliwaonea wivu.

Sasa usiku wa kuamkia Ijumaa hiyo Jarquez na wenzake wawili walikuwa wamekamatwa nyuma ya duka la kufulia nguo, ndani ya gari, wakiwa na bangi na mfuko wa vidonge vya maumivu ambavyo hakuna daktari aliyewaandikia. Kulipokucha Tarpley nzima ilijua, na mechi ilikuwa kesho yake.

"Jumapili alikula hapa," Dwight alisema kutoka chini. "Akaosha vyombo. Mama alimkataza, akaosha."

"Na vidonge vilikuwa mfukoni wakati anaosha?"

"Sijui."

"Basi na mimi sijui. Pokea." Kibao kiling'oka na kipande cha rangi ya ukuta. Alimshushia.

Dirisha la sebuleni lilifunguka, akachungulia mama yake Dwight, Mama Jewel, mwenye miaka themanini na mbili na kifaa cha kusikia ambacho hukivaa akitaka.

"Mnabomoa nyumba?"

"Tunashusha kibao cha Jarquez, Mama," Dwight alisema.

"Kwani amekufa?"

"Hajafa. Amekamatwa na polisi."

Mama Jewel alifikiri kidogo. "Angekufa ingekuwa rahisi," alisema. "Mtu akifa watu wanajua la kufanya. Wanapeleka chakula."

Ng'ambo ya barabara jirani yao, Yancey, alikuwa anamwagilia maua yake huku akitazama. Yeye alikuwa amemchota Brody Haskew, jitu la namba sabini na moja linalomkinga mrusha mpira, na Haskew naye alikuwa kwenye gari lile. Lakini kibao cha Yancey kilikuwa palepale.

"Wewe hushushi chako?" Marlene alimpigia kelele.

"Nasubiri kocha aseme!" Yancey alijibu, akarudi kwenye maua.

* * *

Marlene alikuwa mpokea wageni katika kliniki ya daktari wa meno, na Ijumaa hiyo redio ya kliniki haikuzungumza jambo jingine. Watu walipiga simu studio tangu asubuhi.

"Mimi bangi hainisumbui," alisema mmoja aliyejitambulisha kuwa ni Buck wa Larkin. "Mjomba wangu kaivuta miaka arobaini na hajakosa kazini hata siku moja. Ninachouliza mimi, Haskew kesho anacheza au hachezi? Bila Haskew mrusha mpira wetu atavunjwa mbavu kabla ya mapumziko."

"Tunawapa kila kitu," alisema mwanamke mmoja kwa sauti ya kulia. "Kitanda, chakula, masomo ya bure. Halafu wanatufanyia hivi."

Marlene alitikisa kichwa kukubali. Hata yeye alikuwa amefanyiwa. Alikuwa hajakosa mechi ya nyumbani tangu akiwa msichana. Uchungu wa kumzaa binti yake ulimkuta jukwaani, akauvumilia hadi robo ya tatu ikaisha, na yule binti, ambaye sasa ni mwanajeshi huko Texas, hupenda kusema kwamba yeye alizaliwa akiwa nyuma kwa pointi kumi.

"Yule Mouton wamrudishe kwao mabwawani," alisema mpigaji wa tatu, na mtu fulani studio akacheka.

Marlene hakucheka. Lakini pia hakuzima redio.

Simu ya mezani ililia. Alikuwa kaka yake, Gaylon, ambaye kwa sababu ambazo familia haijawahi kuzielewa anashabikia Chuo cha Dunmore.

"Dada! Nasikia mmepata uwanja mpya. Wenye nondo."

"Nina wagonjwa, Gaylon."

"Swali moja tu. Watavaa jezi za kijani au zile za machungwa za mahabusu?"

"Ninyi mwaka juzi mlikamatwa wanne."

"Ndiyo, lakini wetu walikuwa wa akiba!"

Alimkatia. Mgonjwa mmoja, mzee aliyekuwa bado na ganzi shavuni, alikuwa amesikia yote na alikuwa anacheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Saa sita mchana kocha alitoa tamko. Mouton na yule wa tatu wao, kijana wa mwaka wa kwanza, wamefukuzwa timu, na chuo kimewafungia vyumba vyao bwenini. Kuhusu Haskew, suala lake linaangaliwa kwa makini, na wakati linaangaliwa atacheza. Yule mzee alipiga makofi. Marlene alishusha pumzi, kisha akashtuka kujikuta ameishusha.

Maana aliufahamu mpira kuliko wengi waliopiga simu, na hakuhitaji mtu wa kumfafanulia. Kijana wa mwaka wa kwanza hajawahi kukanyaga nyasi siku ya mechi. Mouton ana goti bovu na msimu wake umekwisha. Haskew ni mzima. Kocha alikuwa ametupa viti vilivyovunjika miguu, akabaki na kile kinachokalika, na watu wakasema ana msimamo.

Goti hilo alikuwa ameliona likiharibika kwa macho yake. Wiki tatu nyuma, robo ya pili, Jarquez aliangukiwa na watu wawili na hakuinuka. Uwanja wa watu elfu themanini ulinyamaza hata ukasikia kamba za bendera zikigonga mlingoti. Walimtoa akiwa amebebwa mabegani. Halafu robo ya mwisho, timu ikiwa nyuma, alirudi. Marlene alimwona akivaa kofia yake kando ya mstari, akipiga goti lile ngumi mbili kama mtu anayeamsha mnyama. Wakampa mpira. Alikimbia yadi sabini. Kila hatua ya mguu wa kulia ilikuwa fupi kuliko ya kushoto, na bado hakuna aliyemfikia. Jukwaa la zege lilitetemeka chini ya viatu vya watu, na Marlene alipiga kelele hadi sauti ikakauka kwa siku mbili. Alikuwa analia. Hakuwahi kuona kitu kama kile kanisani wala popote.

Kila mwenye macho aliona mguu ule umekwisha. Nao wote walisimama wakimwomba akimbie.

"Bi Marlene," daktari aliita kutoka ndani. "Yupo mtu mwingine?"

"Yupo," alisema. "Samahani. Yupo."

* * *

Jioni hiyo simu ya nyumbani ililia wakati anamkatia Mama Jewel nyama. Nyuma ya sauti ya mpigaji palikuwa na ngurumo kama ya treni isiyopita.

"Naongea na Bi Marlene Tolbert? Mimi ni Ernestine Mouton. Mama yake Jarquez. Ulinipa namba hii Agosti."

Marlene alifuta mikono. Alikuwa amejiandaa kwa mama anayelia, au mama anayetukana, au mama anayesema mwanangu hawezi kufanya kitu kama hicho. Alisubiri.

"Kwanza nikuulize," sauti ilisema, "wewe umemwona? Amekula?"

"Sijamwona, Bi Ernestine. Sijaenda."

"Sawa. Mimi niko kiwandani. Tunasaga miwa, msimu umefunguka, masaa kumi na mawili kila siku, hata Jumapili. Nikiondoka leo wanaweka mtu mwingine kesho, na nina wadogo zake wawili. Nina dakika kumi za kupumzika, nimetumia nne kukutafuta. Kwa hiyo nitasema haraka. Vidonge ni vyake. Nimeongea naye, kaniambia mwenyewe. Alianza kuvinunua baada ya goti. Bangi ni ya wote. Sitaki mtu amsemee uongo hakimu, wewe wala mwingine. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Wakili waliyempa anasema ataachiwa kesho asubuhi asubiri kesi, bila pesa, ikiwa ana anwani ndani ya kaunti na mtu mzima wa kumsimamia. Chuo kimefunga chumba chake. Hana anwani. Asipopata anakaa ndani hadi kesi, na wanasema kesi ni mwezi wa pili. Mtu ninayemjua mimi huko ni wewe. Naomba anwani yako. Mengine nitayafanya mwenyewe miwa ikiisha."

Na Marlene, ambaye mwaka baada ya mwaka ndiye aliyesimamia mambo haya kwa Mtaa wa Ridge, aliyewasomea majirani taratibu za chuo kwa sauti kila Agosti, alijibu kabla hajafikiri.

"Haturuhusiwi," alisema. "Shabiki haruhusiwi kumlaza mchezaji. Chakula cha mara moja moja tu. Timu inaweza kuadhibiwa."

Ngurumo ya kiwanda ilijaza simu.

"Bi Marlene," sauti ilisema taratibu, kama mtu anayemwamsha mtoto. "Mwanangu si mchezaji tena. Wamemfukuza leo mchana."

Marlene aliketi. Dwight aliyekuwa anakula aliacha kutafuna.

"Kengele yangu imelia," alisema Ernestine Mouton. "Amua unavyoona. Ukikataa sitakuwa na kinyongo na wewe, nitatafuta kwingine. Lakini kama utamwona, mwambie aoshe uso, awe anaosha uso kwa maji baridi. Akiwa na aibu huwa haoshi uso." Simu ikakatika.

Marlene alibaki ameishika. Alimwona yule mama kama anavyomwona mtu wa karibu, amesimama kwenye kelele zile na vumbi la miwa usoni, amepewa dakika kumi, na ndani ya dakika kumi amesema ukweli wote, ameomba kitu kimoja, na amekumbuka uso wa mwanawe. Hakulia. Marlene alijiuliza kama yeye angeweza, akajua asingeweza. Yeye angepiga kelele mpaka dakika ziishe.

Akakumbuka siku ya mvua mwezi wa tisa. Jarquez alikuwa ametoka kula kwao, mvua ikamwaga, na bweni liko mbali. Kumpa mchezaji lifti ni kosa. Basi Marlene alitoa gari, akaendesha polepole kando yake njia nzima, amemwashia taa, kioo kimeshushwa, wakiongea habari za mechi ijayo, yeye mkavu ndani na kijana analowa nje. Walicheka sana. Siku hiyo aliona amefanya wema mkubwa.

"Anataka nini?" Dwight aliuliza.

"Anwani."

"Yetu?"

"Anayo nyingine?"

Dwight alisukuma sahani. Asubuhi ni yeye aliyekitetea kibao, lakini kibao hakilali nyumbani kwa mtu. "Sikiliza. Mimi yule mtoto nampenda. Lakini ukweli usemwe, ana shida ya vidonge. Na kwenye kabati lile pale juu kuna chupa nzima ya dawa ya Mama ya nyonga. Hiyo ndiyo dawa yenyewe, Marlene. Ileile. Unamleta hapa kumjaribu?"

Lilikuwa neno la maana na Marlene hakulipuuza. Aliinuka, akafungua kabati, akachukua chupa, akaitia kwenye mkoba wake na kuvuta zipu.

"Mama, kuanzia leo dawa yako utaniomba mimi. Nitatembea nayo."

"Hata chooni?" Mama Jewel aliuliza.

"Hata chooni."

"Haya. Lakini usiiangushe."

"Na kesho?" Dwight alisema. "Kesho ni mechi. Watu thelathini watakuwa wanachoma nyama uani kwetu. Yancey, mchungaji, wale wa benki. Wewe unawajua wanavyosema. Tutawaambia nini?"

"Sijui."

"Wewe hujui?"

"Nimesema sijui, Dwight! Kula."

* * *

Jumamosi saa tatu asubuhi alikuwa mbele ya kidirisha cha mahabusu ya kaunti. Karani alikuwa kijana wa kiume mwenye fulana ya kijani chini ya sare yake, mwewe wa dhahabu, nembo ya timu, akichungulia kwenye kola.

"Uhusiano wako na mshitakiwa?"

Marlene hakuwa amelifikiria hilo. "Mshabiki," alisema.

Karani aliinua macho. "Mama, mshabiki hapa hayupo. Kuna mzazi, ndugu, mwajiri, mwenye nyumba."

"Basi mwenye nyumba."

"Anwani?"

Aliitaja. Karani aliacha kuandika. "Mtaa wa Ridge? Ule wa Matembezi? Leo?"

"Wewe andika. Matembezi niachie mimi."

Kijana aliandika, kisha akasema chinichini, "Alikuwa mzuri, lakini. Ile ya yadi sabini. Nilikuwa jukwaa la kaskazini."

"Bado yuko hai," Marlene alimwambia.

Jarquez alitoka kupitia mlango wa chuma akiinamisha kichwa. Alikuwa na suruali ya jinzi na fulana, na miguuni kandambili nyekundu za mahabusu ambazo visigino vyake vilizidi na kukanyaga sakafu.

"Viatu viko wapi?"

"Walikuja jana, Bi Marlene. Yule wa vifaa. Viatu ni vya timu. Na jaketi." Alitazama sakafu. "Vingine nilivyonavyo vimefungiwa chumbani."

"Umeosha uso?"

Aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Umeongea na mama."

"Nimeongea naye. Nenda kaoshe, kuna choo pale. Maji baridi. Halafu nisikilize, nitasema mara moja. Mimi nimekukasirikia na bado nimekasirika. Ulijua unachofanya, na ulikuwa na vidonge hata mezani kwangu. Nyumbani kuna mgonjwa mwenye dawa kama zile, na ninazo mimi hapa mkobani. Ukizitaka, niambie unazitaka. Usizitafute. Jumatatu tunakwenda kwa daktari wa goti, daktari wa kweli. Umenisikia?"

"Ndiyo, mama."

"Nenda kaoshe."

Alipokwenda alimwona anavyochechemea. Uwanjani, ndani ya mavazi, ilikuwa haionekani sana.

Makaratasi na kusubiri vilikula asubuhi, na walipofika mjini ilikuwa karibu saa sita. Barabara ya Mtaa wa Ridge ilikuwa imezungushiwa vizuizi vya mbao. Nyuma ya vizuizi watu walikuwa wamejipanga pande zote mbili, safu nne, safu tano, kijani na dhahabu hadi macho yanapoishia, watoto mabegani, wazee kwenye viti vya kukunja, moshi wa nyama juu ya paa. Katikati barabara ilikuwa tupu, imefagiwa, inasubiri timu. Marlene aliuona mtaa wake mwenyewe na akaupenda kama anavyoupenda kila mwaka. Alikuwa hajawahi kuuona kutoka upande ule.

Aliegesha gari kanisani. Polisi wa kizuizini alimfahamu.

"Marlene, subiri hadi wapite. Nusu saa tu." Akamwona aliyeshuka mlango wa pili, sauti ikashuka. "Au mpitishe njia ya nyuma, kwenye mapipa. Hakuna atakayemwona."

Njia ya nyuma ilikuwa ndefu, imejaa kokoto. Marlene alitazama kandambili. Alitazama goti.

"Kwangu ni nyumba ya sita," alisema. "Nyumba yangu haifikiwi kupitia mapipani."

"Bi Marlene, mimi naweza," Jarquez alisema haraka. "Njia ya nyuma naweza."

"Najua unaweza. Nipe mkono. Egemea, mimi sivunjiki."

Wakapita kizuizi, wakaingia katikati ya barabara.

Bendi ya chuo, iliyokuwa mwanzo wa mtaa, iliona kijana mrefu akitokea na watu wakigeuka. Ikadhani ni timu. Ikapiga. Matarumbeta yote yakalipuka, ngoma zikafuata, na watu wakainua mikono na kuanza kushangilia. Halafu wa mbele wakamtambua. Kelele zilikatika safu kwa safu, kama taa zinazozimwa katika jengo refu, na vyombo vya bendi vikanyamaza kimoja kimoja hadi likabaki tarumbeta moja kubwa, lililopiga noti tatu peke yake, nalo likaona haya, likaacha.

Na ukaja ukimya. Marlene alikuwa amesikia watu elfu themanini wakinguruma, na alikuwa amezoea kuamini kwamba hakuna kitu kikubwa zaidi ya hapo duniani. Hiki kilikuwa kikubwa zaidi. Maelfu ya watu hawakusema neno. Kilichosikika ni kandambili kwenye lami, pa, kisha mburuzo, kisha pa. Sauti moja tu kutoka nyuma ilipaza, "Mvuta bangi!" na hakuna aliyeicheka wala kuifuata. Ilianguka hapo ilipotoka.

Alitazama nyuso. Alizifahamu nusu yazo. Mwalimu aliyemfundisha binti yake. Yule mzee wa ganzi. Mtoto wa miaka sita hivi, jezi yake kubwa ina namba ishirini na nane mgongoni, na baba yake amemshika begani hajui amgeuzie wapi. Wengine walitazama chini. Wengi walitazama goti. Marlene aliona wanavyolitazama, akaona linawaingia, taratibu, kama lilivyomwingia yeye mezani pake kliniki. Mkono wa Jarquez ulikuwa mzito begani mwake, lakini kichwa alikuwa amekiinua. Uso ulikuwa safi.

Yancey alikuwa langoni mwake na koleo la nyama mkononi.

"Marlene," alinong'ona. "Timu iko nyuma yenu. Imeshatoka. Kocha atamwona hapa."

"Ana macho, kwa nini asimwone?"

Dwight alikuwa tayari ameshuka barazani. Alishika mkono wa pili wa kijana, wakampandisha ngazi tatu za baraza, na waliokuwa uani na sahani zao wakasogea kuwapisha.

"Mwingize ndani haraka," Dwight alisema. "Chumba cha nyuma. Wakishapita atatoka."

Ndani kulikuwa na kivuli na mlango ulikuwa wazi. Jarquez mwenyewe alikuwa ameshageukia huko. Kumwingiza ndani kungeonekana ni heshima, na hakuna ambaye angemlaumu. Mwanzo wa mtaa ngoma zilianza tena, safari hii kwa hakika.

"Hapana," Marlene alisema. "Anwani niliyoandika si ya chumba cha nyuma. Dwight, kiti cha Mama."

"Kiti changu?" Mama Jewel aliuliza kutoka dirishani.

"Chako, Mama. Kile cha mikono."

"Mpe. Kina mto wa mgongo."

Dwight alimtazama mkewe, akaingia, akatoka na kiti. Marlene mwenyewe alikiburuta hadi ukingoni kabisa mwa baraza, mahali ambapo mtu yeyote apitaye barabarani hawezi kusema hakuona. "Kaa," alimwambia Jarquez, naye akakaa. Akamnyanyulia mguu mbovu akauweka juu ya sanduku la vinywaji, kandambili nyekundu ikielekea barabarani.

Mavazi ya kwanza ya kijani yakakata kona, kocha mbele, Haskew nyuma yake kama mlima. Wimbo wa chuo ukaanza na mtaa mzima ukaimba, na Marlene Tolbert, mkono mmoja juu ya mgongo wa kiti, akaimba pamoja nao kwa sauti yake yote.